Lifti au matatu? Hesabu ya wasafiri wawili kati ya Nakuru na Kisumu

Mtu mmoja akisimama kando ya barabara pale Salgaa na kupunga mkono, dereva anayepunguza mwendo huwa na swali moja tu: huyu anaelekea wapi? Wakisimama wawili, maswali yanakuwa matatu. Wanaelekea wapi, watakaa wapi, na ni kina nani hawa? Ushauri mwingi kuhusu lifti hutolewa na watu wanaotembea peke yao, kwa hiyo hayo maswali mawili ya mwisho hawayagusi kabisa. Sisi tunaosafiri wawili wawili ndiyo yanayotuamulia safari.

Nawaandikia wageni wa mfuko mwembamba wanaoishi upande huu wa Kenya: Mtanzania anayesoma Egerton kule Njoro, Mganda aliyepata kibarua Kisumu, Mrundi anayesoma Maseno, na yeyote anayetaka kumtembelea mwenzake wikendi bila kumaliza posho ya mwezi. Njia ya mfano ni Nakuru hadi Kisumu, kama kilomita 185 hivi. Unapanda kutoka Nakuru kupitia Salgaa na Sachangwan mpaka Mau Summit, unaiacha barabara ya Eldoret iende zake, unapita makutano ya Londiani na Kericho, halafu unateremka Awasi na Ahero hadi ziwani. Matatu hutumia saa tatu na nusu hadi nne, polisi wakiwa wachache.

Msimamo wangu niutoe mapema. Mkiwa wawili, matatu ndiyo chaguo la kawaida. Lifti ya gari dogo ipokeeni ikija, lakini msiijengee ratiba. Lori ni la kupandia mlima tu. Kushukia mlima hapana.

Pesa

Siku ya kawaida matatu ya viti 14 kutoka Nakuru hadi Kisumu huomba kama shilingi 700. Ijumaa jioni bei husogea juu. Wiki ya kabla ya Krismasi, watu wa magharibi wote wanaporudi nyumbani kwa mpigo, inaweza kukaribia mara mbili. Tuchukue hiyo 700.

Upande wa lori watu hukosea kwa kulinganisha nauli na nauli. Nakuru mjini si mahali pa kuomba lifti ya lori, kwa sababu magari hapo ama yamebanana kwenye foleni ama yanapita mbio. Itabidi mtoke hadi Salgaa, ambako madereva wa masafa marefu hulala na kula, na nauli ya kufika huko mmeshalipa. Dereva wa lori hana bei iliyobandikwa kwenye kioo, lakini asiwadanganye mtu kwamba ni bure. Mtasikia 300 kwa kichwa, na mkiwa wapole pengine 250. Kisha kuna tumbo. Aliyepanda matatu saa mbili asubuhi anakula mchana Kisumu, kwenye sufuria yake mwenyewe. Aliyepanda lori anakunywa chai Salgaa akingoja, anakula tena Kericho kwa sababu dereva naye anakula, na hawezi kukaa pale mezani akitazama ukuta. Mwisho kuna pale mnaposhushwa. Malori mengi yanayopita Ahero hayafiki Kisumu mjini. Yanakata kushoto kuelekea Kisii na Migori, nanyi mnabaki njia panda na mabegi.

Nikiziweka pamoja, kwa watu wawili:

| | Matatu | Lori | Gari dogo |
|---|---|---|---|
| Kufika pa kupandia | 0 | 200 | 200 |
| Nauli au pesa ya mafuta | 1,400 | 600 | 800 |
| Kula njiani | 100 | 500 | 100 |
| Kutoka mliposhushwa hadi mjini | 0 | 200 | 0 |
| Jumla | 1,500 | 1,500 | 1,100 |

Ni makadirio, wekeni bei za siku yenu. Lakini utaona kwamba lori, ambalo kila mtu hulitaja kama njia ya maskini, halikuokoa hata shilingi moja, na limekula siku nzima. Linaokoa kweli pale tu mnapobeba chakula chenu na dereva anapofika Kisumu mjini.

Nawaomba Watanzania wenzangu jambo moja hapa: acheni kugeuza kila nauli kuwa shilingi ya nyumbani. Ukiambiwa 700 halafu ukazidisha kwa 20 kichwani, utaona 14,000 na moyo utaruka, utaishia kando ya barabara na mvua ya Kericho ikikunyeshea. Kama pesa unaipata hapa, hesabu kwa ya hapa.

Nafuu ya matatu ambayo wengi hawaitumii ni ile ya wawili. Stagini nauli ni moja kwa wote. Lakini makanga (konda) ambaye gari limejaa isipokuwa viti viwili, na dereva anapiga honi kwa hasira, ni mtu wa kuzungumza naye. Abiria mmoja hamsaidii sana, bado atabaki na pengo. Wawili mkifika pamoja mnamfungia hesabu, na hapo mia moja moja hupungua bila ugomvi. Hali ni hiyo hiyo mkisimama Kericho mchana, ambako baadhi ya abiria wa Nakuru hushuka na gari linaendelea Kisumu likiwa na viti vitupu.

Viti vya wawili

Mkiwa wawili, lori lina tatizo la kimwili kabisa. Ndani ya kabini kuna dereva, kuna tanboi (wa kwetu tunamwita utingo), na kiti kimoja. Mgeni wa pili anakaa wapi? Mara nyingine kuna kitanda nyuma ya viti. Mara nyingi jibu ni "mmoja apande juu". Juu maana yake ni juu ya mzigo, pamoja na turubai na kamba. Pale Mau Summit ni zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, upepo wa asubuhi huko haumheshimu mtu, na lori likiyumba hakuna cha kushika zaidi ya gunia. Ukikuta dereva anayesema hivyo, mshukuru, mrudi kando. Msigawane, mmoja ndani mmoja juu, na msikubali kupanda malori mawili tofauti kwa ahadi ya kukutana Kericho. Simu huzima, lori moja huharibika, na kilichobaki cha siku kinaisha mkitafutana.

Kinachowafaa wawili ni Kanta, lile lori dogo la mizigo. Kabini yake inachukua watu watatu mbele, na dereva wa Kanta anayesafirisha viazi au kabichi kutoka Molo au Mau Narok mara nyingine huenda peke yake. Kisumu kuna soko la Kibuye, ambalo Jumapili ndiyo siku yake kubwa, kwa hiyo Jumamosi mzigo huo unateremka kuelekea huko. Hiyo ndiyo lifti ya mizigo ninayoweza kumshauri mtu: inaenda mjini hasa, ina viti viwili, na dereva hutaka mtu wa kuzungumza naye asije akasinzia. Malori ya mafuta yasahauni. Depo za mafuta ziko Nakuru, Eldoret na Kisumu, kwa hiyo mtayaona mengi kwenye barabara hizi, lakini madereva wake hukatazwa kubeba mtu, na sababu wanayo.

Kwa gari dogo hesabu ya viti ni rahisi: aliye peke yake ana vinne. Kikwazo ni hofu yake. Wawili wasiojulikana wakikaa nyuma ya mgongo wa mtu anayeendesha, mtu huyo hatatulia, hata kama nyinyi ni walokole. Mmoja akae mbele, azungumze, ajibu maswali. Wa nyuma akae upande wa kushoto ili dereva amwone kwenye kioo. Na msipunge mkono barabarani. Nendeni kituo cha mafuta, msalimieni mtu akiwa amesimama anajaza tangi, mwambieni mnakotoka na mnakokwenda. Akikataa, anakataa kwa heshima, na aliye nyuma yake kwenye foleni amesikia kila kitu.

Mteremko

Kipande kati ya Salgaa, Sachangwan na Mau Summit hakifanani na kipande kingine chochote cha safari hii. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, kwenye kipande hicho hicho, wakafa 36. Miongoni mwa sababu zilizotajwa miaka yote kuhusu mteremko huu ni madereva wa malori kuweka gari nyutro, yaani bila gia, ili kuokoa mafuta: uzito unasukuma, breki zinapata moto, na zinapohitajika hazishiki.

Kwa hiyo mwelekeo wa safari una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Nakuru kwenda Kisumu, lori linapanda hapo. Ni polepole, linachosha, mtoto wa shule anaweza kulipita kwa miguu, lakini linapanda. Kurudi, kutoka Kisumu kuja Nakuru, lori hilo hilo linashuka, na humjui dereva, hujui breki zake, hujui mwajiri wake anampimia mafuta kiasi gani. Kurudi pandeni matatu au gari dogo. Hata kwenda, kumbukeni kuna mteremko mwingine baada ya Kericho: mnashuka kutoka kama mita 2,000 hadi kwenye tambarare ya Kano, ambayo ni kama mita 1,150.

Na hatari ya lifti huanza kabla ya kupanda. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliingia katikati ya magari, wachuuzi na watu waliokuwa wanasubiri usafiri. Waliokufa walizidi 50. Wengine walikuwa wamesimama tu pale ambapo mwomba lifti angesimama. Ndiyo sababu nyingine ya kuchagua kituo cha mafuta, ndani, mbali na bega la barabara. Abiria wa matatu anasubiri stagini, mjini, ndani ya gari. Tofauti hiyo haionekani kwenye jedwali la pesa.

Sisemi matatu ni malaika. Tangu kanuni za waziri John Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, matatu inatakiwa iwe na mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, lakini kuna dereva anayeamini kona za Kericho zilichongwa kwa ajili yake. Mnacho hapo kitu ambacho kwenye lori hamna: mkanda, abiria wengine wanaoweza kupaza sauti, na sako (ushirika wa wenye matatu) yenye jina na namba ya gari iliyosajiliwa kubeba watu.

Bima na askari

Sheria ya Kenya ya bima ya magari kwa madhara ya watu wengine, Sura ya 405, inalazimisha bima imlinde abiria wa gari linalobeba watu kwa nauli. Kwa gari binafsi au la mizigo, kumkinga abiria hakumo katika sharti hilo la lazima. Maana yake kwa mgeni asiye na ndugu karibu ni kwamba ajali ya lifti inaweza kuwa bili ya hospitali isiyo na mtu wa kuilipa. Mkaazi wa hapa ana mjomba wa kuanzisha mchango wa WhatsApp. Wewe una rafiki yako, naye alikuwa kwenye gari hilo hilo.

Kwenye kizuizi, askari akikuta gari dogo lina watu wasiofanana na dereva, huuliza mmelipa ngapi. Gari binafsi linalotoza nauli bila leseni lina kosa, na mzigo wa kosa hilo ni wa dereva. Hilo lieleweni kabla ya kumlaumu kwa kusita kuwachukua. Kwenye matatu askari hutazama mikanda na idadi ya watu. Ukikutwa hujafunga mkanda, faini ni yako, si ya makanga.

Karatasi zibebeni kwa vyovyote vile. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama pasi ya mgeni ya hadi miezi 6, na mwanafunzi ana pasi yake ya masomo. Aliyezidisha siku asithubutu kuomba lifti ya masafa marefu. Kwenye matatu wewe ni mmoja wa kumi na wanne. Kwenye gari dogo unatazamwa usoni.

Rafiki yako ni nani

Wanaume wawili ndio wenye kazi ngumu zaidi. Gari dogo halisimami, na likisimama ni la mtu ambaye naye mnapaswa kumtilia shaka kidogo. Kwenu nyinyi matatu, moja kwa moja, msipoteze asubuhi. Mwanamke na mwanamume ndio huchukuliwa haraka, hasa na wenye familia garini. Wanawake wawili watapata magari mengi, na ndiyo maana wao ndio wachague: gari lenye mwanamke au watoto ndani, mchana, na wamtumie mtu wa tatu namba ya gari kabla mlango haujafungwa. Malipo yakifanyika kwa M-Pesa ni vizuri zaidi, maana jina la mpokeaji linabaki kwenye ujumbe. Lenu pia linabaki kwake, hilo nalo mlijue.

Rafiki akiwa mzungu hesabu inapinduka. Magari yatasimama upesi, ajabu ya Mungu, lakini bei ya lori inapanda mara mbili na hakuna maneno yako ya upole yatakayoishusha. Stagini hali ni afadhali kwa sababu abiria wengine wanaijua nauli na hawaoni haya kuitamka kwa sauti. Wewe ndiye uulize bei, yeye akiwa hatua kadhaa nyuma anasoma vibango.

Probox na treni, kwa ufupi

Probox, yale magari madogo ya Toyota, si lifti. Ni matatu isiyo na leseni. Ina faida moja, kwamba hujaa haraka, na hujaa kweli, maana kiti cha watu watatu kitabeba wanne na mwingine ataketi na dereva. Kwa kipande kifupi cha vijijini ambako hakuna kingine, sawa. Kwa kilomita 185, hapana.

Treni ya abiria ya Nairobi–Kisumu, inayopitia Nakuru, ilirudi Desemba 2021 kwenye reli ile ya zamani iliyofika ziwani mwaka 1901. Ni ya wikendi na ya usiku, kwa hiyo ulizeni stesheni kama wiki hiyo ipo kabla ya kupanga lolote. Kwa wawili wasio na haraka ni raha kuliko vyote nilivyotaja. Kwa mwenye darasa Jumatatu asubuhi, sijui.

Nje ya njia hiyo

Kisumu hadi Busia, kupitia Maseno, Luanda, Yala na Ugunja, msiombe lifti. Matatu ni nyingi, nauli za vipande ni ndogo, na muda mtakaosimama utawagharimu zaidi ya mtakachookoa.

Nakuru kwenda Malaba ni kinyume. Hapo malori ya Uganda ni mengi na lifti hupatikana, lakini kuna mizani ya Webuye, ambako malori hupimwa uzito, na ukikaribia Malaba foleni ya malori inaweza kuwa ya kilomita kadhaa. Shukeni Webuye, mmalizie kwa matatu.

Kisumu kwenda Isebania, mpakani na Tanzania, kwa sisi wa upande wa Mwanza na Mara, ndiyo njia pekee ambayo ningewaambia mchanganye kwa makusudi. Matatu hadi Kisii, kwa kupitia Ahero na Oyugis, kwa sababu ya kona. Kutoka Kisii hadi Migori gari dogo likijitokeza kwenye kituo cha mafuta, lichukueni. Ikifika saa tisa alasiri hamjapata, basi matatu. Giza huingia kabla ya saa moja, na mpaka haupendezi usiku. Lakini msivuke mkiwa ndani ya gari la mtu, hata akiwa mwema kiasi gani, maana hamjui alichobeba na maswali ya forodha yatawahusu. Shukeni kabla ya geti, mgongeshe mihuri yenu wenyewe kwa miguu, mbadilishe shilingi zilizobaki, na upande wa Sirari mtakuta Haisi za Tarime zinaita abiria.